Chama Kilichobaki na Wawili

Siku ya mkutano mkuu wa mwaka, Chama cha Mashindano ya Boti Ndogo kilikuwa na viti vingi kuliko makalio. Viti vya plastiki vilipangwa safu kwa safu ndani ya banda la mabati kando ya ziwa, vikafutwa vumbi, vikaelekezwa kwenye meza ya mbele. Katika viti vyote hivyo walikaa watu wawili tu. Wa tatu alikuwa mwenyekiti, naye alikuwa amesimama.

Mwenyekiti huyo alifundisha udereva, na mji mzima ulimwita Mwalimu, hata wale ambao hawajawahi kushika usukani mbele yake. Kati ya wawili waliokaa, mmoja alikuwa mke wake, muuza dawa karibu na stendi, ambaye kazi yake katika chama ilikuwa kupeperusha bendera ya kuanzisha mbio. Wa pili alikuwa kaka wa mke huyo, fundi wa kuchomelea mageti na madirisha. Huyu tumwite Fundi, maana ndivyo alivyoitwa usoni. Jina aliloitwa kisogoni alikuwa bado halijui.

Mwalimu alikohoa, akanyoosha shati, akaanza na "Waheshimiwa wajumbe" kana kwamba watu wamejaa mpaka madirishani. Hajafika mbali, Fundi akainua mkono. Akidi haijatimia, alisema, mkutano huu ni batili. Mwalimu akamjibu kwamba akidi hutangazwa na mwenyekiti. Fundi akasema katiba haisemi hivyo. Mwalimu akasema katiba aliitunga yeye, anajua inavyosema. Wakajibishana hivyo mpaka mabati yakawa yanawarudishia sauti zao wenyewe. Katikati yao, mke wa mmoja na dada wa mwingine alikuwa akikagua kamba za majaketi ya uokozi, moja baada ya nyingine, kama mtu anayechambua mchele huku redio ikisoma habari za nchi ya mbali.

Zamani haikuwa hivyo. Zamani Jumamosi ikifika, gati lilijaa watu, watoto wakibebwa mabegani, injini zikinguruma tangu asubuhi. Boti zenyewe zilikuwa vitu vidogo vya plaiwudi ambavyo kila mwanachama alijiundia uani kwake: nafasi ya mtu mmoja, injini nyuma, na mwendeshaji amepiga magoti kama anayesali. Walizunguka maboya mekundu, maji yakiruka, yule wa mwisho akirudi amelowa kuliko samaki. Hakukuwa na faida yoyote ndani yake zaidi ya kombe la bati na ruhusa ya kutamba wiki nzima.

Kilichoharibu mambo kilitokea kwenye fainali moja. Fundi alivuka wa kwanza, tena mbali, hata mawimbi aliyoyaacha yalikuwa yameshatulia Mwalimu alipotokea. Lakini Mwalimu siku hiyo alikuwa mshindani na mwenyekiti kwa mpigo mmoja. Alishuka botini, akavua helmeti, akatangaza kwamba Fundi aliondoka kabla ya bendera kushuka. Mwenye bendera alipoulizwa na mume upande huu na kaka upande ule, alisema jua lilimpiga machoni. Kombe likaenda kukaa juu ya kabati la televisheni la Mwalimu, na dada mtu ndiye aliyelifuta vumbi.

Tangu siku hiyo Fundi hakuacha mbio zipite bila pingamizi. Fulani kagusa boya. Fulani kampita mwenzake upande usioruhusiwa. Fulani injini yake ina mlio wa kutiliwa shaka. Mwalimu naye, kila alipoona mamlaka yake yanaguswa, aliwafungia watu: huyu mwezi, yule msimu mzima, wengine kwa sababu walicheka wakati anaongea. Mafahali wawili walikuwa wanagombana, na nyasi zikaanza kuondoka moja moja, kimyakimya, zikaenda kuota kwingine. Hilo la kuota kwingine wao hawakulijua. Walijua tu kwamba gati linapwaya.

"Watu siku hizi wavivu," Mwalimu alisema katika mkutano ule. "Wanataka kukaa na simu."

Fundi, kwa mara ya kwanza baada ya miaka, alikubaliana naye, kisha akajuta kukubali.

Dada yake akaweka jaketi la mwisho chini. "Kwa nini hamjiulizi walikwenda wapi?" alisema. Hakusubiri jibu. Alichukua mkoba wake, akasema ana zamu ya mchana dukani, akatoka.

Chama kisipopata watu, manispaa itachukua banda, hilo wanaume wale wawili walilijua. Mwalimu akasema atawapigia simu waliokuwa wanachama, kama mwenyekiti, kutoka mezani kwake, na atakayetaka kurudi aombe radhi kwanza. Fundi hakusema lake. Lake lilikuwa moyoni: angewaendea mmoja mmoja kwa miguu yake, angewarudisha, kisha ukumbi ukijaa angesimama na kuomba kura ya kumng'oa shemeji yake kwenye kile kiti. Hakuwa anakwenda kuokoa chama. Alikuwa anakwenda kutafuta silaha.

*

Alianza na daktari wa meno. Huyu zamani alikuwa na boti ya buluu, na injini yenye kikohozi ambacho ungekitambua hata ukiwa usingizini. Alimkuta kliniki, kati ya mgonjwa na mgonjwa, akafanyiwa heshima ya kukalishwa kwenye kile kiti kirefu maana hakukuwa na kingine. Ni vigumu kumshawishi mtu ukiwa umelala chali na taa inakumulika puani, lakini Fundi alijitahidi. Daktari alimsikiliza kwa adabu. Alisema mgongo unamsumbua. Alisema boti aliiuza. Alisema, kwa kweli, mchezo wenyewe ulimtoka tu.

Kisha akavua glavu ili ampe mkono wa kuagana, na Fundi akaona vidole vyake. Chini ya kucha kulikuwa na weusi wa grisi, ule ambao hautoki hata kwa sabuni ya unga. Fundi alikuwa nao mwenyewe. Alitoka pale akijiuliza daktari wa meno anapaka grisi kinywani mwa nani.

Kwa mwokaji hakupata hata adabu. Huyu alikuwa mama wa makamo, mpana, mcheshi kwa kila mtu mjini, mwenye tanuri la mikate nyuma ya soko. Alipomwona Fundi mlangoni aliendelea kukanda unga, tena kwa ngumi.

Fundi alisalimia. Akasifu harufu. Akasema chama kinamhitaji, hakuna aliyekuwa anakata kona kama yeye.

"Nani alisema nipimwe kwenye mzani wa unga?" mama yule aliuliza.

Fundi hakuelewa.

"Nakuuliza wewe. Nilishinda nusu fainali. Ukasimama mezani, mbele ya wanangu na wakwe zangu, ukasema boti yangu imekaa vibaya majini, kwa hiyo ama nimeficha mchanga ndani ama nipelekwe dukani kwangu nikapimwe kwenye mzani wa unga. Watu wakacheka. Mwenyekiti naye akacheka, halafu akanifungia mwezi mzima kwa kukutukana."

Fundi alitafuta kumbukumbu hiyo kichwani mwake akaikosa. Alikumbuka pingamizi lenyewe, lakini hakukumbuka kicheko. Alisema ilikuwa hoja ya kanuni tu, hakukusudia mwili wake.

"Mwili wangu ndio uliokuwa ndani ya boti," alisema mwokaji. Akabwaga donge la unga mezani, vumbi jeupe likamrukia Fundi kifuani. "Sikia nikwambie, maana naona nyumbani kwenu hakuna anayekwambia. Watu hawakuuchoka mchezo. Wamewachoka nyinyi wawili. Unajua tunakuitaje? Pingamizi. Mtoto wangu mdogo alidhani ndilo jina ulilopewa na mama yako."

Fundi alisema kuna adabu ya kuzungumza na mtu. Mwokaji akasema adabu yake iko kwenye mzani wa unga, akaichukue huko. Kwa kuwa mlango alikuwa anaufahamu, Fundi aliutumia. Akipita uani alitupa jicho pale boti ya yule mama ilipokuwa ikifunikwa turubai. Turubai lilikuwepo, limekunjwa vizuri. Boti haikuwepo.

Njia nzima alikuwa anajibishana naye kichwani, na kila alipojibu alishinda. Pingamizi! Yeye aliyetaka haki tu. Alipofika karakana alikata chuma kwa hasira mpaka kikatoka kifupi, ikabidi akate kingine.

*

Ziwa lile limejikunja katikati kama kiwiko, na nyuma ya kiwiko hicho, palipokuwa machimbo ya kokoto, hakuna cha kumpeleka mtu wa mjini. Fundi alipelekwa huko na kazi: bwana mmoja alikuwa amejenga nyumba juu ya mlima na anataka geti lifungwe Jumapili, siku ambayo yeye yupo. Basi Jumapili Fundi alikuwa juu ya ngazi, miwani ya kuchomelea usoni, anaunga bawaba, aliposikia injini.

Aliinua miwani. Injini moja ilikuwa na kikohozi.

Nyuma ya kile kikohozi zikaja nyingine, kundi zima, zikipanda na kushuka pamoja kama zinavyofanya zikikata boya. Fundi alikuwa na sikio. Alitambua ya mwokaji, nzito, isiyo na papara. Alitambua ya mchora mabango aliyefungiwa kwa kuchelewa, na ya ndugu wawili wauza vipuri ambao Mwalimu aliwatoa kwa kukataa kuvua kofia. Kumbe hiyo ndiyo migongo mibovu. Kumbe hizo ndizo boti zilizouzwa.

Alishuka ngazi akimwacha mwenye nyumba anauliza kulikoni. Alishuka mlima kwa kuteleza, akapenya kwenye mafunjo ya ukingoni, akachuchumaa humo kama mwizi wa kuku. Na pale chini aliiona Jumamosi ya zamani. Watu walijaa ukingoni, zaidi ya walivyowahi kujaa gatini, na wengine walikuwa vijana asiowajua. Maboya yalikuwa madumu ya mafuta ya kula yaliyopakwa rangi. Hakukuwa na meza ya mwenyekiti, wala mwenyekiti mwenyewe. Mtu mmoja alipeperusha fulana badala ya bendera, na alipokosea walirudia, wakicheka.

Boti ya kijani ilikuja ikikata kona ya mwisho ndani kabisa, kwa ujasiri ambao Fundi aliuonea wivu kabla hajajua ni wa nani. Ilivuka ya tatu. Mwendeshaji akajivuta ukingoni, akavua helmeti, akatikisa maji kwenye nywele zilizosukwa, akacheka kwa kinywa chote.

Alikuwa dada yake.

Fundi alihisi kitu kama cheche iliyompenya ndani ya shati. Dada yake, ambaye kwa miaka yote hiyo alishika bendera tu kwa sababu mume alisema lazima mtu aishike. Dada yake mwenye zamu dukani kila Jumapili. Aliyekaa katikati yao siku ya mkutano akikagua kamba, akijua fika kila mtu yuko wapi. Kikulacho ki nguoni mwako, watu husema, lakini huyu hakuwa nguoni, alikuwa tumbo moja naye.

Angeweza kutoka mafunjoni wakati ule. Alibaki amechuchumaa. Mtu hawezi kuvamia sherehe akiwa peke yake. Anahitaji walau mtu mmoja wa kumuunga mkono. Na duniani kote, Fundi alikuwa amebakiwa na mmoja tu.

*

Alikwenda moja kwa moja akamkuta Mwalimu uani kwake, anaosha gari la shule ya udereva. Hakuwa amekanyaga ua ule tangu ile fainali. Alisimama mbali kidogo na ndoo akamweleza yote, na hakuharakisha. Alianza na daktari, akaja kwa mwokaji, akazitaja boti moja moja. Ya kijani aliiweka mwisho. Alijua anaiweka mwisho kwa nini.

"Na mkeo anaendesha," alisema. "Vizuri, tena. Anakushinda."

Mwalimu aliendelea kusugua taa ya gari iliyokuwa safi tayari. "Uongo," alisema.

"Twende ukaone."

Hawakuwa na namna nyingine ya kwenda. Fundi alikuja kwa miguu, na gari lililokuwepo ni lile la mafunzo, lenye breki mbili, moja ya mwanafunzi na moja ya mwalimu. Mwalimu akakaa kwenye usukani, kiti cha mwanafunzi. Fundi akakaa kiti cha mwalimu, na breki miguuni pake. Mwalimu aliendesha kwa hasira, na kila alipoingia kona kwa kasi Fundi alikanyaga. Mwalimu akafoka kwamba aondoe mguu wake mchafu kwenye breki isiyo yake. Fundi akajibu kwamba aliyemfundisha yeye kuendesha amekula haramu. Gari likaenda hivyo, likiruka na kuchutama, mpaka machimbo.

Mbio za mwisho zilikuwa zinaisha. Walipojitokeza, kwanza zikazimika sauti za watu wa ukingoni, kisha injini moja moja, mpaka ukawa unasikia maji yakilamba mawe. Mwokaji alijifuta mikono kwenye sketi, akaikunja kifuani.

Mwalimu alipanda kwenye rundo la kokoto. Alitangaza kwamba shughuli hii ni batili, kwamba maboya haya hayatambuliki, kwamba kila aliyepo hapa ni mwanachama wa chama halali na amevunja katiba. Aliongea kirefu. Hakuna aliyemkatiza, na ukimya ule ulimponza, maana hotuba isiyo na mpinzani humwishia mtu mdomoni. Hatimaye akamwona mkewe, amesimama majini hadi magotini, helmeti mkononi.

"Vua hilo jaketi twende," alisema. "Nyumbani tutazungumza."

"Tutazungumza hapahapa," mke akajibu. Hakupaza sauti. "Nyumbani huwa unazungumza wewe."

Mtu mmoja alicheka, akanyamazishwa.

Fundi aliona zamu yake imefika. Alimwambia dada yake kwamba amewasaliti, amekaa nao meza moja huku anawazunguka, na kwamba mama yao angekuwa hai angeona aibu.

"Kaka, mwache mama apumzike," dada yake alisema, na sasa sauti ilipanda. "Mliniuliza siku ile mbele ya watu wote, huyu kanishika mkono huu, wewe huu. Mkataka niseme nani kasema kweli, yaani nichague nikalale kwa nani na nizikwe na nani. Hakuna hata mmoja aliyewahi kuniuliza kama nataka kuendesha. Nimeshika kitambaa miaka mingapi? Nilikuwa nawaona watu wanaondoka, nikawaambia, mkasema wavivu. Basi na mimi nikawa mvivu."

Fundi alitafuta kanuni ya kumjibu nayo.

Ndipo daktari wa meno aliposogea, na sauti yake ya kliniki, ile ya kukwambia haitauma. Alisema wao hawamfukuzi mtu ziwani. Walishalizungumza hili zamani, maana walijua siku kama hii itakuja. Wana boti moja la uokozi, zito kama jeneza, na hakuna anayependa kuliendesha. Yeyote kati ya shemeji hawa wawili akitaka, aje, aanze na hilo msimu mzima. Kuvuta waliopinduka, kukusanya madumu jioni. Hakuna kushindana, hakuna kiti cha mwenyekiti, na hakuna pingamizi. Neno la mwisho alilisema taratibu, na macho ya watu wote yakamgeukia Fundi.

Mwalimu alicheka kicheko kikavu. "Nimewafungia maisha," alisema. "Wote. Mpaka watoto wenu."

"Tulishajifungia wenyewe," mwokaji akamwambia. "Ulikuwa hujaona tu."

Mwalimu aligeuka, akaenda kwenye gari, akaliwasha. Hakumsubiri Fundi. Naye Fundi hakutaka kusubiriwa. Aliwaambia wale watu kwamba boti lao la uokozi walitie moto wapikie chai, akapanda mlima kurudi kwenye geti la watu, akalikuta limening'inia kwa bawaba moja na mwenye nyumba amenuna.

*

Dada yake hakuondoka kwa mumewe, kinyume na walivyotabiri watu. Aliendelea kuishi humo, wakipishana koridoni kama abiria wa mabasi tofauti. Kombe alilishusha kutoka kabatini, akaliweka jikoni, akawa anahifadhi vitunguu ndani. Mwalimu aliliona akapita. Kwa Fundi dada alikuwa hapigi simu, na Fundi kwa kiburi naye hakupiga.

Jumamosi iliyofuata Fundi alishusha boti yake gatini. Hakujua kwa nini. Mwalimu alikuwepo, ameshatega maboya yake mekundu peke yake, na jasho limemtoka. Hawakusalimiana. Wakapanga boti sambamba kwenye mstari, na hapo wakagundua hakuna wa kupeperusha bendera. Wakakubaliana kwa vichwa kwamba wahesabu pamoja. Wakahesabu, wakaondoka, Mwalimu akapiga kelele kwamba Fundi katangulia. Wakarudi. Wakahesabu, wakaondoka, Fundi akasema sasa katangulia yeye. Wakarudi tena, na tena, injini zikichemka, mpaka mara moja hakuna aliyelalamika na mbio zikawa mbio.

Fundi aliendesha siku ile kuliko siku zote za maisha yake. Kila boya alilipita karibu kiasi cha kulinusa. Alivuka mstari mbele, mbali, kama ile siku ya fainali, akainua mkono juu, akageuka kutazama gati.

Gati lilikuwa tupu. Kulikuwa na kunguru, na chupa ya plastiki iliyokuwa ikigongagonga nguzo.

Mwalimu alifika, akazima injini, akapandisha kioo cha helmeti. "Umegusa boya la pili," alisema.

Fundi alifumbua kinywa. Majibu yote yalikuwa tayari, yamepangana kama viti vya mkutanoni. Alikuwa hajagusa boya lolote na alijua hajagusa. Lakini maneno yale aliyafahamu mno. Yalikuwa maneno yake. Ndiyo aliyomwambia daktari, na mchora mabango, na wale ndugu wa vipuri, na kwa namna nyingine yule mama wa mikate. Sasa aliyasikia kutoka upande wa anayeambiwa, na yalimchosha ghafla, kama mtu aliyebeba chuma kutwa nzima ndipo akagundua hakuna aliyekiagiza.

"Sawa, shemeji," alisema. "Umeshinda wewe."

Mwalimu alimtazama kwa chuki ambayo Fundi hakuwahi kuiona kabla. Kuibiwa ushindi angesamehe, kupewa, hapana. "Usinihurumie," alisema. "Weka pingamizi."

Fundi aliivuta boti yake nchi kavu. Nyuma yake alisikia injini ikiwashwa tena. Mwalimu alikuwa anazunguka maboya peke yake, na ndivyo alivyoendelea kufanya Jumamosi zote zilizofuata, mwenyekiti na mwanachama, mpaka manispaa ilipokuja kulichukua banda na yeye akawaambia maofisa kwamba hawana akidi.

*

Fundi alikwenda machimbo Jumapili moja, amenuna. Tusimpambe: hakwenda kuomba radhi, na hakuomba. Alisimama karibu na boti la uokozi mpaka mwokaji alipomwona. Mama yule alichukua jaketi akamtupia kifuani pasipo salamu. Chai ilipozunguka, kikombe kilimruka. Watoto walinong'ona: Pingamizi, Pingamizi. Aliwasikia, akajifanya anakaza nati.

Boti lile lilikuwa zito kweli, na lilikwenda kama ng'ombe anayepelekwa joshoni. Alilizungusha nje ya madumu mchana kutwa, akiwatazama wengine wakifanya makosa ambayo yeye asingefanya. Daktari alipopinduka kwenye kona, Fundi alimfikia, akamshika ukosi, akambwaga ndani. Daktari alitema maji akasema asante. Fundi akamwambia aache kuegemea kushoto kama hataki kuzama. Yalikuwa maneno makali, lakini daktari aliyapokea, na mbio iliyofuata hakuegemea.

Jumapili zikawa ndizo hizo. Baada ya nyingi, kikombe cha chai kilimfikia, cha mwisho, kimepoa. Alikinywa.

Halafu siku moja, mbio za mwisho kabla ya msimu kufungwa, boti ya kijani ikaongoza. Dada yake alikuwa mbele ya wote, na kwenye dumu la mbali kabisa, ambako hakukuwa na jicho lolote isipokuwa la mwenye boti la uokozi, alikata kwa ndani. Hakulizunguka. Alilipita upande wa mkato, wazi kabisa, akaenda zake, akavuka wa kwanza, ukingo ukalipuka kwa vifijo.

Fundi aliuma ulimi mpaka akasikia ladha ya damu. Aliliburuza boti lake pole pole kuelekea ukingoni, macho yakiwa kwenye maji.

Dada yake alikuja ubavuni kwake, injini imezimwa. Walikuwa hawajasemezana tangu siku ya kokoto.

"Umeona," alisema.

"Nimeona."

"Na hutasema."

"Nimekatazwa kusema."

Alimtazama kaka yake kwa sura ileile ya utotoni aliponyang'anywa kitu. Kisha akaruka majini, akapanda ukingoni na jaketi linalovuja, akawakatiza waliokuwa wanampigia makofi. Akasema dumu la mbali hakulizunguka. Makofi yakafa. Mchora mabango aliyekuwa nyuma yake akapewa ushindi, na yeye akawekwa wa mwisho.

Alirudi kuchukua helmeti yake, akasimama mbele ya Fundi. "Umefurahi sasa?" alimuuliza.

Hakuwa amefurahi, lakini hakuwa amehuzunika pia, na hakujua hilo aliseme vipi bila kuanzisha vita vingine. Akamuuliza kama amekula. Dada akasema hajala, na hana njaa, na asimsemeshe. Lakini hakuondoka, aliketi kwenye jiwe la karibu akaanza kukamua maji kwenye soksi.

Mwokaji aliwapigia kelele kutoka juu kwamba mvua inakuja, na madumu hayawezi kujikusanya yenyewe. Fundi akavuta kamba ya injini. Ikagoma, akaivuta tena.